Ukoo Usiougua

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamefika shuleni kwao binti yangu Twiga watu wa moyo. Si wa mapenzi — wa kliniki! Wanawapima vijana wote wa darasa lake: urefu, uzito, presha, na tone la damu kwenye kidole. Mwalimu mkuu alituita wazazi juma lililopita akatueleza. Eti ugonjwa wa moyo hauji uzeeni kama mvi. Huanza kujijenga mtu angali kijana, kimyakimya, mwenyewe anaruka na kucheka. Ndiyo maana wanautafuta mapema.

Mimi nilikaa mstari wa mbele. Nikanyoosha mkono nikasema wangu mpimeni tu kwa kutimiza wajibu, kwetu hatuugui. Wazazi wakacheka. Wacheke.

Jana jioni nilimsuka upya, mistari midogo ya kurudi nyuma, na shati nikalipiga pasi mara mbili. Analalamika, mama, ni kupimwa tu, si kuolewa. Nikamwambia mwenye saluni mtoto wake hatoki na nywele za jana.

Hilo jina la Twiga walimpa wenzake wa mpira wa wavu. Nimelipenda kuliko nililompa mimi mwenyewe. Kwenye mlango wa jikoni huinama sasa! Na baba yake mfupi, maskini. Urefu ni wa kwetu.

Jumanne, 4 Machi

Wa kwanza! Mwanangu kawa wa kwanza!

Kaja na kikadi cha majibu. Nimekisoma nimesimama, mkono mmoja una kitana. Presha sawa. Uzito sawa. Halafu kuna kitu kinaitwa kolesteroli. Wenzake wamepata mia na hamsini, mia na sitini, yule binti wa mwenye duka la dawa mia na arobaini tu. Twiga wangu — mia tatu na kumi na mbili! Darasa zima hakuna aliyemkaribia. Na daktari kaizungushia duara jekundu kabisa, kama mwalimu anavyofanya kwa mtoto aliyeongoza.

Kolesteroli yenyewe sijui ni nini hasa. Lakini kama ni mambo ya moyo, moyo mtoto huyu anao, hilo halikuhitaji mashine.

Saluni nzima imesikia. Mteja mmoja alikuwa chini ya kikaushio, hasikii kitu. Nikamngoja atoke, nikaanza upya.

Twiga akasema, mama, mimi sidhani kama hizi ni maksi. Nikamwambia acha unyenyekevu wa bure, mtu akishinda ameshinda. Kikadi nimekibandika kwenye kioo kikubwa, pale kila anayekaa akione.

Alhamisi, 6 Machi

Uso wangu niuweke wapi?

Mwalimu wao wa sayansi amekuja kuoshwa nywele. Nimemlaza kichwa kwenye sinki, povu tele, na mimi mdomo hauna breki: umeona namba ya Twiga? Akauliza namba gani. Nikamwambia. Mia tatu na kumi na mbili, wa kwanza! Mwalimu akainuka na povu lake, likamchuruzika mpaka kwenye kola. Dada, anasema, keti kwanza. Nikamwambia mimi sikai, mimi nafanya kazi. Akanishika mkono. Keti.

Ile namba ikiwa juu si sifa. Ni mafuta kwenye damu. Ikiwa juu hivyo kwa mtoto mwembamba kama yule, wanataka kujua kwa nini.

Wateja wote wakageuza shingo. Hata kikaushio nilihisi kimejizima. Nikainuka, nikabandua kikadi, nikammalizia mwalimu nywele zake kwa maji ya baridi kwa sababu nilisahau kufungua ya moto. Hakulalamika. Mtu mwema.

Mchana kliniki wakapiga simu. Tuje Jumatatu, Twiga asile kitu asubuhi, damu itatolewa mkononi safari hii. Na mzazi aje. Wote wawili ikiwezekana.

Mechi yake kubwa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Hajaniuliza lolote. Anapiga mpira ukutani tu, du, du, du. Nami kila du inanipiga hapa.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki iko ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Ngazi ndefu, korido ya kijani, benchi la plastiki lenye tundu katikati. Tulikwenda watatu. Mume wangu kavaa shati la Ijumaa.

Daktari ni binti, kijana kabisa, viatu vya raba. Ningemsuka bure, ana nywele nzuri anazifunga ovyo. Twiga akatolewa damu, hakukunja hata uso. Mimi niligeukia ukutani. Sindano na mimi hatupatani, hilo dunia inajua.

Halafu daktari akauliza habari za ukoo. Kuna wenye ugonjwa wa moyo? Nikacheka. Mwanangu, nikamwambia, hapo umeuliza pabaya. Sisi kwetu hatuugui! Baba yangu hakuwahi kulala kitanda cha hospitali hata siku moja. Aliondoka akiwa wima, gunia begani, hajatimiza hamsini. Puu! Kaka yangu mkubwa vilevile — alianguka akicheza dansi kwenye harusi ya binamu yetu, katikati ya wimbo, ana miaka arobaini na moja. Watu walidhani ni mtindo mpya. Hakuna aliyeugua. Kwetu mtu huondoka na nguvu zake zote.

Nilisema kwa sauti ileile niliyoisemea miaka yote. Msibani tulisema hivyo. Harusini tunasema hivyo. Ni sifa yetu.

Daktari kaweka kalamu chini. Hakucheka. Mume wangu akaanza kuangalia viatu vyake. Twiga ndiye aliyenitazama, macho makubwa, kama mtu anayesikia hadithi anayoijua ikisemwa kwa lugha nyingine.

Daktari akasema kwa upole, mama, naomba nione miguu yako. Miguu? Nikavua kandambili. Akachutama pale chini, daktari mzima, akanishika nyuma ya kisigino, ule mshipa mnene. Akaubonyeza. Huu umekuwa hivi tangu lini? Nikajibu, huo ni wa kwetu! Baba alikuwa nao, kaka alikuwa nao, mdogo wangu Chuma anao mpaka viatu vinamsumbua. Visigino vya watu wenye nguvu.

Akasema, mama, hayo ni mafuta.

Alitueleza taratibu. Kuna watu wanaozaliwa na ini lisilosafisha mafuta kwenye damu kama la wengine. Si ulafi, si uvivu, mtu anaweza kuwa mwembamba kama fito. Yanaganda ndani ya mishipa mwaka baada ya mwaka. Na mtu hasikii kitu. Nikamwambia nimeelewa: kama bomba la sinki langu la saluni. Maji yanapita, yanapita, unasema bomba ni zima. Kumbe ndani limebaki tundu la sindano. Siku moja hayapiti. Daktari akasema hajawahi kusikia mtu akilieleza vizuri zaidi, na ataazima mfano wangu.

Basi hata katika hilo nimesifiwa. Lakini wakati wa kurudi mume wangu alinishika mkono barabarani, kitu ambacho hajakifanya tangu tuchumbiane.

Baba hakuwa na nguvu. Baba alikuwa mgonjwa. Na mimi nilikuwa najivuna.

Jumanne, 11 Machi

Majibu ya Twiga ni yaleyale. Kolesteroli iko juu. Ila — na hapa nimeruka! — moyo wenyewe mzima. Mapigo mazuri, mpira acheze, Jumamosi aende akawatwange. Atameza kidonge kimoja kila siku, pengine maisha yake yote. Akianza sasa, anasema daktari, anaweza kuzeeka mpaka akachosha watu.

Nikampongeza, nikaleta maji na kidonge kwenye kisahani, kama mhudumu wa hoteli. Twiga akakisogeza pembeni.

Sinywi, anasema.

Unasemaje?

Nitakunywa siku ukipimwa, mama.

Nikamwambia mimi mtu mzima. Akajibu, babu pia alikuwa mtu mzima. Nikamwambia nina wateja mpaka Jumapili. Akajibu, mjomba aliyekufa akicheza dansi alikuwa na nini, hakuwa na kazi? Nikamgeukia baba yake anisaidie. Baba yake anatafuta chumvi iliyo mbele yake.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huu ukaidi si wa upande wa baba.

Kidonge kimelala kwenye kisahani.

Alhamisi, 13 Machi

Mume wangu kapimwa. Safi kabisa! Sasa anatembea kama jogoo. Kanunua mayai, kayala mbele yetu, anasema mishipa yake ni barabara ya lami. Miaka yote katika ndoa hii alikuwa hana cha kujivunia mbele ya ukoo wangu. Leo kapata. Nimemwacha afurahi.

Vidonge havijaguswa. Twiga ananiuliza tu kila asubuhi, vipi mama, leo? Kwa adabu kabisa. Afadhali angenigombeza.

Nimesema nachelea sindano. Si sindano.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda!

Sikumwambia mtu. Nilifunga saluni, nikaning'iniza kibao cha "Narudi sasa hivi", nikapanda zile ngazi. Muuguzi wa kiume, mwili kama kabati, mikono laini kama ya kinyozi. Mama, anasema, angalia dirishani. Nikamwambia wewe choma, mimi naongea. Nikamweleza habari za Twiga, alivyo mrefu, anavyopiga mpira, alivyo na akili. Nilipofika kwenye mechi ya mwaka jana akasema tumemaliza zamani, mama, ila endelea, nataka kujua nani alishinda.

Nilirudi nimekunja mkono kama aliyetoka vitani. Twiga akaona pamba. Akanibeba! Juu kabisa, miguu yangu ikining'inia, mimi napiga kelele nitue, nitue, nina heshima zangu!

Jumamosi, 15 Machi

TUMESHINDA. Seti tatu kwa moja. Twiga kapiga smashi mpaka refa kainama. Sauti sina. Kesho nitaandika. Mguu wa benchi umevunjika, si mimi peke yangu niliyekuwa nimesimama juu yake.

Jumatatu, 17 Machi

Nami ninayo.

Daktari kanipigia mwenyewe. Nilikuwa namsuka bibi harusi mtarajiwa, nikamwambia subiri mwanangu, nikatoka nje karibu na ndoo za maji. Kasema iko juu, mama, lakini tumeiwahi, tutapambana nayo. Dawa leo, wiki ijayo tuuangalie moyo wako vizuri. Nikajibu asante daktari. Nikarudi nikamaliza zile nywele, na mistari ilinyooka kama rula. Mikono yangu haijui kutetemeka, iandikwe hiyo.

Jioni nikaweka visahani viwili mezani. Kimoja changu, kimoja chake. Tukagonganisha glasi za maji, moja, mbili, tatu, tukameza. Twiga akatoa ulimi kunionyesha kimeshuka. Mume wangu anasema anajiona mpweke, hana kidonge. Tukamcheka mpaka machozi. Yangu yalichelewa kukauka.

Halafu Twiga akauliza, na Mjomba Chuma?

Daktari naye kaniuliza hivyohivyo: ndugu zako wangapi wako hai? Mmoja, nikamwambia. Kitinda mimba wetu. Fundi mwashi. Nimempigia simu usiku huuhuu. Shikamoo dada, marahaba, habari za kazi, nzuri. Nikamweleza yote. Akacheka kile kicheko chake cha kutikisa simu. Dada, anasema, mimi nabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, wewe unaniambia habari za moyo? Jina langu nani? Chuma. Chuma kinapimwa?

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya simu. Ileile niliyomsemea daktari.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimefanya fujo na sijutii.

Nilikwenda mpaka kwenye jengo wanalolijenga, Twiga nyuma yangu ametoka shule na sare yake. Chuma yuko kwenye jukwaa la mbao, mwiko mkononi. Shuka, nikamwambia. Nina kazi, dada. Basi nikazungumza nao wenzake, kwa sauti ya saluni, inayoshinda vikaushio vitatu. Jamani mafundi, huyu mnamwita Chuma? Mimi mwanamke nimechomwa sindano naongea. Binti huyu, mtoto wa shule, kachomwa hakukunja uso. Yeye anajificha juu huko kama kuku anayekwepa kisu!

Jukwaa zima likalipuka kwa kicheko. Mmoja akasema, kumbe si chuma, ni bati! Mwingine, bati lenyewe la zamani! Chuma kaona haya mpaka masikioni. Wewe dada, utanifanya nihame mji. Nikamwambia hama, ila upite kliniki kwanza.

Akashuka. Twiga akamsalimia shikamoo mjomba, akampangusa saruji begani, akamwambia taratibu, bila utani: njoo upimwe, uje unione nikiwa mkubwa.

Chuma aliangalia mwiko wake. Halafu akaniuliza, kesho saa ngapi? Na hilo la kutokula asubuhi, ni lazima?

Jumatano, 19 Machi

Naandika hapahapa kliniki, kwenye lile benchi lenye tundu.

Amekuja! Kavaa shati safi lakini mabuti ni yaleyale ya kazi. Njia nzima analalamika njaa, anasema mtu akifa leo ni kwa kukosa chai. Twiga kaomba ruhusa shuleni amsindikize mjomba wake. Tunacheka, tunataniana. Chini pale kwenye duka la magodoro kajilaza kwenye godoro la maonyesho mpaka mwenye duka akamfukuza.

Halafu ngazi.

Mimi na Twiga tulifika juu, tukageuka, hayupo. Kasimama katikati. Mkono kwenye ukuta. Nikamwita, Chuma, vipi? Akasema nawangojea nyinyi.

Sisi tuko juu yake.

Twiga kanitazama. Nilishuka nikamshika kiwiko, nikajifanya mimi ndiye nimechoka, tukapanda polepole, dada na mdogo wake, yeye ananiambia umezeeka, mimi nasema kweli, nimezeeka. Kule juu nikampenyezea muuguzi sikioni: kasimama kwenye ngazi. Basi. Muuguzi hakumpeleka kwanza kwenye damu. Kampeleka moja kwa moja kwenye chumba cha mashine ya mapigo.

Wamemvua shati na mabuti ili wambandike nyaya kifuani na miguuni. Mabuti kanipa mimi. Mazito haya! Nimeyapakata kama mtoto.

Kwanza tulimsikia akimtania muuguzi, anauliza hizi nyaya zinashika stesheni gani. Muuguzi anacheka. Halafu muuguzi hakucheka tena. Katoka, kapita mbele yetu haraka bila kukimbia, karudi na daktari. Daktari leo nywele zake zimelegea kabisa. Mlango ukafungwa.

Ukafunguliwa. Daktari kachutama mbele yangu. Mama, umefanya vizuri sana kumleta leo. Moyo wake haupati damu ya kutosha. Gari linakuja kumpeleka hospitali kubwa sasa hivi, wana vifaa vya kuzibua mishipa. Bado tuna nafasi nzuri. Lakini asitembee, hata ngazi asishuke kwa miguu yake.

Nimeuliza, nzuri kiasi gani? Kasema, nzuri kuliko ya kesho.

Chuma anasikia yote, mlango uko wazi. Anasema kutoka kitandani, dada, nipe mabuti yangu, nina ukuta haujakauka. Nimemwambia simpi. Anasema dada, sina maumivu, ni njaa. Nimemwambia simpi. Twiga keshaingia, kamshika mkono, anamsimulia ile smashi ya Jumamosi, na refa.

Sasa muuguzi analeta kiti cha magurudumu. Gurudumu moja linalia. Kakisimamisha kando ya kitanda, kafunga breki. Chuma anakiangalia kama mtu anayeangaliwa na mbwa asiyemjua. Anasema hicho ni cha wagonjwa. Sisi kwetu, anasema, na ananitafuta kwa macho nimalizie mimi.

Sikumalizia. Nimemwambia, kaa, mdogo wangu. Mimi nameza kidonge kila siku. Na mimi ni wa kwetu.

Chini nasikia gari limefika. Twiga kamshika kiwiko. Chuma kaweka mkono kwenye kiti. Ananitazama. Hajakaa bado.